Beta: historia ya watu wanaoharibikiwa kwa niaba yako

Hebu tuanze na simu yako. Kama ni ya Android, fungua duka la programu, tafuta kivinjari unachotumia kila siku, kisha shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wake. Mara nyingi utakuta kisehemu kidogo kinachokukaribisha ujiunge na majaribio ya beta. Wengi wetu hatujawahi kufika huko chini. Mimi nilifika miaka mitatu iliyopita, nikabofya, na tangu siku hiyo natembea na kivinjari ambacho hakijaiva.

Mwezi uliopita kilinitenda. Nilikuwa najaza fomu ya kibali cha utafiti, saa tano na nusu usiku, na mlango wa maombi ulikuwa unafungwa saa sita kamili. Nikabofya "Wasilisha". Kitufe kikabadilika rangi, kikarudi kama kilivyokuwa. Nikabofya tena. Mara ya saba nikaacha kuhesabu, nikaenda kugonga kwa jirani yangu wa hosteli, nikaazima laptop yake, nikajaza upya kila kitu. Ikapita mara ya kwanza, zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Jamaa akaniangalia, akasema: "Sasa kaka, kizima kipo, wewe unang'ang'ania kibovu cha nini?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Ninalo sasa, ila ni refu kidogo, na inabidi nikurudishe nyuma zaidi ya miaka thelathini.

Sahani ya jirani

Kwanza neno lenyewe. Alfa na beta ni herufi mbili za mwanzo za Kigiriki, na wengi hulihusisha jina hili na kampuni ya IBM ya miaka ya 1950. Huko mashine mpya ilipitia jaribio A kabla haijatangazwa, kisha jaribio B kabla haijaanza kuzalishwa kwa wingi. Baadaye watengenezaji wa programu wakayachukua majina hayo na kuyapa maana yao.

Ukitaka kuielewa tofauti, fikiria mpishi wa shughuli. Akichota mchuzi kidogo kwa upawa na kuonja mwenyewe, hiyo ni alfa. Akipakua sahani moja na kumpelekea jirani kabla ya kuwapakulia wageni mia tatu, hiyo ni beta. Jirani hajui ulipika vipi, wala hana sababu ya kukuonea haya. Akisema chumvi imezidi, sufuria bado iko jikoni na unaweza kufanya kitu. Wageni wakishakaa na kuanza kula, umechelewa.

Shikilia hapo penye "umechelewa", kwa sababu historia nzima ya vivinjari inazunguka hapo.

Kijana mmoja na alama ya picha

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwishoni mwa mwaka 1990, kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Kilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT, ambazo watu wachache sana walikuwa nazo. Mtandao ulikuwepo, lakini ulikuwa kama kisima kilichochimbwa nyuma ya ukuta.

Tarehe 23 Januari 1993, Marc Andreessen, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alitangaza mtandaoni toleo la majaribio la kivinjari walichokiandika yeye na Eric Bina. Kiliitwa Mosaic, toleo namba 0.5. Hiyo sufuri mbele ilikuwa inasema wazi: bado tunapika, onja utuambie. Watu wakaonja, wakaandika barua pepe za malalamiko, na matoleo mapya yakawa yanatoka kwa kasi.

Mwezi uliofuata Andreessen alipendekeza kwa wenzake jambo dogo: alama moja ya kuweka picha ndani ya ukurasa, iitwe *img*. Wenzake hawakukubaliana. Wengine walitaka utaratibu mpana zaidi, utakaobeba picha leo na aina nyingine za mafaili kesho. Hoja zao zilikuwa nzito. Lakini wakati mjadala unaendelea, Mosaic yenye alama ya *img* ikatolewa, watu wakaipakua, wakaanza kujenga kurasa zenye picha. Mjadala ukafia hapo. Leo, ukifungua ukurasa wowote wenye picha na kuangalia msimbo wake, kuna uwezekano mkubwa utaikuta *img* imekaa palepale.

Kuna funzo mapema kabisa hapa: toleo la majaribio likishaingia mikononi mwa watu, linaacha kuwa pendekezo. Watu wakishajenga juu yake, linageuka msingi.

Usiku wa sauti gizani

Andreessen alipomaliza chuo alihamia California, akaungana na Jim Clark kuanzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Netscape. Tarehe 13 Oktoba 1994 walitoa mtandaoni kivinjari chao, toleo la beta namba 0.9, na mtu yeyote aliruhusiwa kulipakua bure na kulijaribu.

Mmoja wa wahandisi wao, Jamie Zawinski, ameusimulia usiku huo. Walikuwa wameitega kompyuta itoe sauti kila mtu anapopakua, sauti tofauti kwa kila aina ya mashine. Wakakaa kwenye chumba cha mikutano, taa zimezimwa, wakisikiliza. Kila sauti ilikuwa mtu asiyewajua, pengine katika nchi ambayo hawakuwahi kufika, akikubali kuingiza kwenye kompyuta yake kitu ambacho wenyewe waliokitengeneza walikuwa wanasema hakijakamilika.

Toleo namba 1.0 lilitoka tarehe 15 Desemba 1994. Piga hesabu: kwa miezi miwili, watu wasiolipwa hata senti moja waliifanyia kampuni hii majaribio kwenye kompyuta za kila namna. Hakuna maabara ambayo ingeweza kukusanya mashine zote zile. Agosti mwaka uliofuata Netscape iliingia soko la hisa. Hisa iliyouzwa kwa dola 28 ilifunga siku ya kwanza ikiwa na thamani ya dola 58.25. Waliojaribu bure walipata kivinjari, na ndo hivyo.

Wanafunzi wawili wa Berkeley

Sehemu hii naipenda kwa sababu inatuhusu sisi tunaohangaika na shahada za uzamili na uzamivu.

Septemba 1995, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, waliamua kuchunguza jinsi Netscape inavyofunga mawasiliano yako kwa siri, ule ufungaji unaolinda namba ya kadi ya benki isisomwe na mtu njiani. Msimbo wa programu haukuwa wazi, kwa hiyo waliifungua programu iliyokamilika na kuisoma kinyumenyume, kipande kwa kipande.

Walichokuta ni hiki. Siri yote ilitegemea namba ambayo kompyuta inatakiwa kuichagua kwa bahati nasibu, kiasi kwamba hakuna mtu wa kuibahatisha. Lakini kompyuta haijui kubahatisha; lazima ianzie mahali fulani. Netscape ilikuwa inaanzia kwenye saa ya kompyuta pamoja na namba mbili za utambulisho wa programu zinazoendelea kufanya kazi. Ni kama kununua kufuli la namba halafu namba yenyewe ikawa saa na dakika uliyolinunua. Mwizi aliyekuona dukani hahitaji kujaribu namba zote duniani. Wanafunzi hawa walionyesha kuwa, katika mazingira fulani, siri ile inaweza kuvunjwa kwa chini ya dakika moja.

Netscape ilirekebisha haraka. Na tarehe 10 Oktoba 1995 ikafanya jambo lililokuwa geni kwenye vivinjari: pamoja na beta ya Navigator 2.0, ilitangaza zawadi kwa watakaoripoti makosa, ikiwemo fedha taslimu kwa makosa makubwa ya usalama. Kwa mara ya kwanza kampuni ya kivinjari ilikiri hadharani kwamba anayeonja mchuzi naye anafanya kazi. Leo kampuni nyingi kubwa za teknolojia zina mpango wa namna hiyo, na wapo vijana wanaoendesha maisha yao kwa kuwinda makosa.

Jirani naye hukosea

Sitaki uondoke ukidhani mjaribu ana haki siku zote. Beta ileile ya Navigator 2.0 ina kisa kingine.

Mei 1995 Brendan Eich alipewa kazi ya kuandika lugha ndogo ya programu itakayofanya kazi ndani ya kivinjari. Umbo la kwanza aliliandika kwa siku kumi. Septemba ikatoka kwa umma ndani ya beta, ikiitwa LiveScript. Desemba, bado ikiwa kwenye beta, ikabadilishwa jina na kuitwa JavaScript, kwa sababu lugha ya Java ilikuwa inavuma na wakubwa walitaka kupanda gari hilo. Mpaka leo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanauliza kama Java na JavaScript ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ni jina lililopachikwa katikati ya majaribio, likaganda.

Jina ni dogo. Kubwa ni alama ya usawa. Eich mwenyewe ameeleza katika mahojiano kwamba baada ya zile siku kumi, wenzake wa ndani ya kampuni, yaani wajaribu wa mwanzo kabisa, walimwomba ailegeze alama ya kulinganisha, ili namba 5 na andishi "5" vihesabiwe kuwa sawa. Aliwakubalia. Baadaye alisema anajutia. Kila anayejifunza JavaScript leo anafundishwa kukwepa alama mbili za usawa na kutumia tatu, kwa sababu zile mbili zina mambo yake. Watu wachache waliomba wepesi wa siku moja, na dunia nzima imebeba ule mzigo miaka thelathini.

Kwa hiyo swali la nani anajaribu si swali dogo. Wakionja watu wa nyumba moja tu, chakula kitakuwa na chumvi ya nyumba ile.

Neno linapoteza ladha

Kuanzia mwaka 2000 neno beta likaanza kutumika ovyo.

Septemba 2000 Apple ilitoa toleo la majaribio la mfumo mpya wa Mac OS X, na ililiuza kwa dola 29.95. Umesoma vizuri: mjaribu alilipa. Baadaye waliolinunua walipunguziwa bei ya toleo kamili, lakini dunia ilikuwa imegeuka. Miaka mitano nyuma Netscape ilimlipa anayeripoti kosa. Sasa jirani analipia sahani.

Novemba mwaka huohuo Netscape, iliyokuwa inazidiwa na Internet Explorer ya Microsoft, ilitoa Netscape 6. Ilijengwa juu ya msimbo wa mradi wa wazi wa Mozilla, ambao wenyewe ulikuwa bado haujafika toleo 1.0, ulifika Juni 2002. Yaani jirani alikuwa anasema wali haujaiva, mwenye shughuli akapakua hivyohivyo. Kivinjari kilikuwa kizito, kilikuwa na makosa mengi, na watu wakakihama. Mradi wa Mozilla wenyewe uliendelea kupika taratibu, ukabadilisha jina la kivinjari chake kidogo kutoka Phoenix kwenda Firebird, mwisho Firefox. Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004, baada ya matoleo mengi ya majaribio yaliyokuwa yakisimamiwa hadharani. Mtu yeyote aliweza kuripoti kosa, kulipa namba, na kuona limefikia wapi.

Upande wa pili kuna Gmail. Ilianza tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na neno beta chini ya nembo, na neno lile likakaa mpaka tarehe 7 Julai 2009. Miaka mitano na ushee! Mamilioni ya watu walikuwa wameweka kazi zao, ndoa zao na vyeti vyao ndani ya kitu kilichoitwa cha majaribio. Hapo beta haikuwa tena ombi la "onja utuambie". Ilikuwa karibu na lile tangazo la ukutani: "Mali ya mteja ni juu ya mteja mwenyewe."

Namba kumi iliyosomwa kama moja

Sasa nikupe mfano wa majaribio yaliyofanya kazi yake.

Kampuni ya Opera ya Norway ilikuwa ya kwanza, kati ya vivinjari vikubwa, kufikia toleo namba 10. Kila kivinjari kikiingia kwenye tovuti hujitambulisha jina na namba. Wakati wa matoleo ya majaribio, wajaribu wakaanza kukuta tovuti zinawafukuza eti kivinjari chao ni cha zamani mno. Kumbe tovuti nyingi zilikuwa zimeandikwa kusoma tarakimu ya kwanza tu. Zikiona 10, zinasoma 1.

Waliojenga tovuti zile hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewahi kuona kivinjari chenye namba ya tarakimu mbili. Opera haikuweza kwenda kurekebisha tovuti za watu wote duniani, kwa hiyo ikachagua njia ya aibu kidogo: ilipotoka rasmi mwaka 2009, Opera 10 ilijitambulisha kama 9.80, na namba halisi ikaandikwa mwishoni kabisa. Mtumiaji wa kawaida hakujua chochote. Wajaribu walikuwa wameshajikwaa kwenye lile jiwe, likaondolewa njiani.

Chrome na Firefox zilipokaribia toleo la 100 mwaka 2022, ziliogopa yaleyale, mara hii kwa tarakimu tatu. Safari hii walijiandaa. Miezi kadhaa kabla, waliweka swichi ya kumwezesha mjaribu kujitambulisha kama toleo la 100 ilhali bado hajafika, ili tovuti zitakazokwama zijulikane mapema. Chrome 100 ilitoka Machi, Firefox 100 ikatoka Mei, na wewe hukusikia kitu. Ukimya ule ulikuwa jasho la mtu.

Ndege wa mgodini

Chrome yenyewe ilizaliwa ikiwa beta, tarehe 2 Septemba 2008, ikavuliwa jina hilo tarehe 11 Desemba. Siku mia moja. Kikubwa ilicholeta kwenye habari yetu ni mfereji. Badala ya kuwa na toleo moja la majaribio kila baada ya mwaka au miwili, kuna ngazi zinazotembea muda wote: toleo la karibu kila siku, toleo la wasanidi, beta, kisha toleo thabiti. Jambo jipya huanzia juu na kushuka. Mwaka 2010 toleo thabiti likaanza kutoka kila baada ya wiki sita; mwaka 2021 likaharakishwa hadi kila wiki nne. Firefox ilifuata mtindo huo mwaka 2011.

Ile ngazi ya juu kabisa ya Chrome inaitwa Canary, na jina hilo halikuchaguliwa kwa uzuri. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane, wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walianza kushuka mgodini na ndege mdogo aina ya kanari ndani ya kizimba. Kuna gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na ndege huyu huathirika nayo kabla ya binadamu. Akiyumba, watu wanakimbia. Migodi ya Uingereza iliacha kuwatumia mwaka 1986. Basi ukiweka Canary kwenye kompyuta yako, jua wewe ni nani kwenye hadithi hiyo.

Lakini angalau ndege wa Canary alijiandikisha mwenyewe. Kuna jambo watu wengi hawalijui: hata aliye kwenye toleo thabiti anajaribiwa. Sasisho jipya haliendi kwa wote siku moja. Huanza kwa asilimia ndogo ya watumiaji, kampuni inaangalia ripoti za programu kujifunga ghafla, hali ikiwa shwari inaongeza. Wakati mwingine wewe na rafiki yako mna simu aina moja na toleo lilelile, lakini kitufe chako kiko juu na chake kiko chini, kwa sababu kuna anayepima kipi kitabofywa zaidi. Zamani jirani aliulizwa. Siku hizi sahani inaletwa tu, na anayepika anachungulia dirishani kuona kama umekunja uso.

Thika, 2005

Mpaka hapa karibu kila kitu kimetokea California, Illinois na Norway. Sisi tumekuwa wageni mia tatu, wa kupakuliwa. Ila kuna jaribio moja la huduma ya simu lililofanyika nyumbani Afrika Mashariki, na linaonyesha kinachotokea ukimpelekea sahani mtu sahihi.

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu katika Nairobi na Thika, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Wateja hawakufika 500. Lengo lilikuwa jembamba: mkopaji apokee mkopo na kulipa marejesho yake kwa simu. Jina lake M-Pesa.

Wateja wakaitumia walivyotaka wao. Wengine walilipiana bidhaa, biashara kwa biashara. Wengine waliweka fedha jioni benki zikiwa zimefungwa, wakazitoa asubuhi, wakaigeuza sanduku la usiku. Waliosafiri kati ya maeneo ya majaribio waliweka fedha wanakotoka na kuzitoa walikofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Wengine waliwatumia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi kama njia ya kutuma fedha. Ukicheki kwa macho ya mhandisi, hayo yote yalikuwa matumizi nje ya mpango.

Waliokuwa wanasimamia jaribio waliandika walichokiona, na wakakisikiliza. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo haikuwa tena mbele. Mbele kulikuwa na kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Yaliyofuata unayajua, maana huenda leo asubuhi umelipia kitu kwa njia hiyo. Watu wasiofika mia tano wa Nairobi na Thika ndio waliosaidia kuonyesha huduma ile ni ya nini.

"Futa vi…"

Sasa naweza kumjibu jirani yangu.

Mwaka wa kwanza wa kutumia kivinjari changu kisichoiva, niliweka menyu zake kwa Kiswahili. Siku moja nilikuwa nasafisha simu, nikafika kwenye ukurasa wenye vitufe viwili vilivyokaa sambamba. Cha kushoto kimeandikwa "Futa vi…". Cha kulia kimeandikwa "Futa vi…". Nafasi haikutosha, maneno yakakatwa. Kimoja kilikuwa "Futa vidakuzi", yaani vile vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye simu yako, na kuvifuta hakuna hasara kubwa. Kingine kilikuwa "Futa vialamisho", yaani kurasa zote ulizowahi kujiwekea. Mimi nilikuwa na makala za utafiti za miaka miwili humo.

Fikiria kosa hilo linaweza kuonwa na nani. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili hayaanzi kwa herufi moja, kwa hiyo hata yakikatwa utayatofautisha. Mhandisi anaweza kuangalia ukurasa ule miaka kumi asione tatizo. Anaweza hata kuwa na mfasiri mzuri wa Kiswahili, ambaye alitafsiri sawasawa kwenye jedwali, neno kwa neno, bila kuona kitufe chenyewe. Ngeli ya KI-VI ndiyo iliyotega mtego, na atakayeunasa ni mtu anayesoma Kiswahili kwenye kioo kidogo cha simu ya bei ya chini. Nilipiga picha ya skrini, nikaandika mistari sita, nikatuma. Matoleo mawili baadaye vitufe vilikuwa vimepangwa juu na chini, maneno yakiwa mazima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Beta ni ule muda ambao ufa bado ni ufa. Alama ya *img*, jina la JavaScript, zile alama mbili za usawa, yote yalikuwa mambo ya kubadilishwa kwa alasiri moja, mpaka siku ambayo hayakuweza tena. Kama siku hiyo kwenye meza ya kuonja hakuna mwenye lugha yetu, mtandao wetu wa kusuasua na simu zetu, itaamuliwa bila sisi, na hakuna atakayekuwa ametuonea kwa makusudi.

Ukitaka kujiunga, usifanye nilivyofanya mimi. Weka toleo la beta kando ya toleo thabiti, usiondoe lile zima. Mambo ya benki, ajira na fomu za usiku wa mwisho yapeleke kwenye zima. Hifadhi nakala ya vitu vyako. Kumbuka matoleo ya majaribio husasishwa mara kwa mara na yatakula bando, kwa hiyo ruhusu masasisho kwenye Wi-Fi tu. Mara nyingi pia hutuma kwa kampuni taarifa nyingi zaidi za matumizi yako, hivyo soma kwenye mipangilio nini kinatumwa. Usipakue "beta" kutoka tovuti za vichochoroni. Pitia duka rasmi au tovuti ya mtengenezaji. Na ukiripoti kosa, sema vitu vinne: ulifanya nini, ulitarajia nini, kilitokea nini, na una toleo gani kwenye simu gani. "Haifanyi kazi" haimsaidii mtu.

Kile kitufe cha "Wasilisha" nacho nilikiripoti usiku uleule, kwa hasira, nikiwa bado na laptop ya jirani mapajani. Waliniuliza namba ya toleo, wakanyamaza wiki mbili, kisha wakajibu kwamba kimerekebishwa. Toleo thabiti lilipotoka nilikwenda nalo kwenye tovuti ileile, nikajaza fomu ya kujaribu, ikapita. Jirani yangu anatumia toleo hilo hivi sasa. Hajui, na mimi bado sijamwambia.

Na wewe, leo jioni, weka kivinjari chako kwa Kiswahili ukakague vitufe. Ukikuta neno limekatwa, piga picha uwatumie waliokitengeneza, kisha tuletee na sisi hapa tuone.